Mkanda wa Jeshi Chini ya Lawa

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba niliwahi kuugua mkanda wa jeshi. Mtu akiuliza kuhusu kovu hili la ubavuni, nilisema niliungua. Leo nakwambia wewe, kwa kuwa umri umenipunguzia aibu, ingawa majivuno bado yapo kidogo.

Ilikuwa Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, Wakenya tulipomiminika huko kutafuta kazi. Nilikuwa na shahada ya fasihi nikaajiriwa benki. Mpaka leo sijui nani alimdanganya nani. Nilipanga nyumba mtaa wa Buluk pamoja na Achol, mwenyeji wa huko aliyekulia ukimbizini Kenya. Mumewe alisafiri na mashua za mizigo, na yeye alikuwa mjamzito, karibu kabisa kujifungua.

Siku moja ubavu wangu ulianza kuchoma, kisha yakatoka malengelenge, yamejipanga mstari kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Enzi hizo mtu akikuona na mkanda wa jeshi hakuulizi kitu. Ameshakupa Ukimwi na ameshakuzika. Blauzi ikawa haivaliki. Nikaazima lawa ya Achol, ile shuka ambayo wanawake wa Juba hufunga begani, nikajifunika. Nikiivua mimi, anaivaa yeye. Tuliishi hivyo, na tulijisifu kwa hilo. Aliponiuliza nina nini, nikasema pasi imeniunguza.

Maumivu yaliponishinda nikamwachia Achol lawa, nikajikaza kuvaa blauzi, nikaenda kliniki. Daktari alinitazama, akanipima damu, akaniambia sina virusi vya Ukimwi. Nilikuwa karibu kumkumbatia alipouliza, "Dada, nyumbani kuna mjamzito?"

Akanieleza kwamba kirusi hiki ni kilekile cha tetekuwanga ya utotoni. Vipele hupona lakini chenyewe hakiondoki. Hujificha kwenye neva, kikatulia miaka na miaka. Siku mwili ukichoka kinaamka na kuifuata neva yake, ndiyo maana malengelenge hushika mstari upande mmoja. Kina ndugu yake pia, kile kirusi cha vidonda vya mdomoni tunavyodai vimeletwa na malaria. Aliyewahi kuugua tetekuwanga ana kinga. Asiyewahi, akigusa majimaji ya malengelenge haya anaweza kuipata, na ikimpata siku za kujifungua, mtoto yuko hatarini.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Achol alikuwa uani, amevaa lawa ileile. Nikamwambia yote, mpaka hofu yangu ya kusemwa.

"Kwa hivyo pasi haikukuunguza?"

"Haikuniunguza."

"Mimi nilijua! Jenereta imekufa, wewe unapiga pasi na stima ya wapi? Nikasema wacha, msomi ana mambo yake." Kisha akashika tumbo, na kicheko kikaisha. "Lakini dada, mimi sijui kama niliugua. Tulikimbia nikiwa mdogo sana. Mama ndiye anajua."

Mama yake alikuwa Kenya, na simu za Juba wakati ule zilishika zilipotaka. Tukapiga, ikakatika. Tukapiga tena.

Basi mwanangu, wakati tunahangaika na mtandao, nikupe nasaha yangu. Kirusi hakijui nani mwema na nani mwasherati. Kinatafuta mwili tu. Ukikipata, hujatenda dhambi. Lakini ukikificha kwa kuogopa midomo ya watu, unamwachia mwenzako hatari asiyoijua. Nenda ukapimwe, kisha sema mapema, hasa kwa unayelala naye nyumba moja. Mimi nililinda jina langu, nikaacha tumbo la rafiki yangu bila ulinzi. Mungu akupe mwili wenye nguvu, na akupe watu utakaoweza kuwaambia ukweli.

Hatimaye simu ikaita. Achol akaiweka kwenye spika ili nami nisikie.

"Mama, niliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Wewe? Ulijaa vipele mpaka masikioni! Ukagawia watoto wote wa ploti, majirani wakaninunia mpaka tukahama. Kwani nini?"

Achol alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani ameshajifungua. Mimi nilikaa chini pale pale uani, nikalia na kucheka kwa pamoja.

"Nani huyo analia?" mama akauliza.

"Ni dada yangu, Mama. Ni furaha."

"Basi Mungu awabariki nyote wawili, na huyo anayekuja. Sasa kateni, mnamaliza krediti."