Nyuki Waliambiwa Kwanza

Hebu fikiria kijiji kidogo cha Uingereza: barabara moja, nyumba za mawe zilizozeeka, duka moja ambalo ndilo posta pia, na kanisa lenye mnara mfupi mnene. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi tuliishi hapo mwaka mmoja, Baba alipotumwa kutoka Taita kwenda kusoma na kumsaidia kasisi wa parokia. Wenyeji walitueleza kwamba kanisa lao lilijengwa zamani kwa fedha za sufu. Utajiri ulishahama, kondoo wakabaki. Nje palikuwa na nguzo ya ukumbusho wa vita, na jina moja la ukoo lilichongwa mara nne. Lilikuwa la jirani yetu, Bi Edith.

Mumewe alifuga nyuki. Alipofariki, Mama alinituma nimpelekee Bi Edith keki. Nilimkuta bustanini, amevaa koti jeusi, ufunguo wa nyumba mkononi. Alikuwa akipita kwenye mizinga, mmoja baada ya mwingine, akiugonga kwa ufunguo mara tatu.

"Bwana wenu amefariki," aliuambia kila mzinga kwa sauti ya chini. "Sasa mko nami. Msiondoke." Kisha aliufunga utepe mweusi.

"Wanasikia?" nikamwuliza.

"Hilo sijui. Najua hawapendi kufichwa." Akanieleza kwamba baba mkwe wake alipokufa, hakuna aliyekumbuka kuwaambia nyuki, na kabla wiki haijaisha mizinga yote ilikuwa mitupu. "Nao ni wa nyumba hii. Wewe, Mghoi, ungependa kuwa wa mwisho kujua?"

Nyumbani Mama alikuwa akipiga pasi kanzu ya Baba ya kanisani, naye Baba akisoma mezani. Niliwasimulia yote.

Baba akacheka kidogo. "Hayo yangefanyika kwetu, wangetuita washenzi."

Mama hakucheka.

"Sisi hatuna nyuki," nikasema. "Mtu wetu akifa, anaambiwa nani?"

Mama akaisimamisha pasi. "Mwambie," akamwambia Baba.

"Tulikubaliana mtihani wake upite kwanza."

"Mwambie, Baba Mghoi. Mimi nimechoka."

Ndipo Baba aliponiambia: nyanya yangu, mama yake, alikuwa amezikwa kwetu Wundanyi miezi miwili nyuma. Barua tatu nilizomwandikia tangu hapo, ambazo Mama alizichukua akisema anazipeleka posta, zilikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Katika moja nilikuwa nimemwuliza kama amenikasirikia, mbona hajibu.

Sikuwalaumu kwa muda mrefu. Kwetu watu wengi hufanya hivyo. Mwenye mtihani hufichwa, mjamzito hufichwa, aliye ng'ambo hufichwa, na kweli ni kwa upendo. Lakini nimefundisha watoto miaka mingi, Taita kisha hapa Sydney, na nimewaona darasani wale ambao nyumbani kwao kuna jambo linanong'onwa. Hudhani wao ndio wamekosea.

Mwezi uliopita simu iliingia alfajiri hapa Smithfield, mtaa wetu wa Sydney: kaka yangu Mwakio amefariki. Binti yangu Wakesho, ambaye ni nesi, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu mbili mfululizo. Alikaa jikoni bila kuvua viatu, mwanawe Neema akiwa bado amelala.

"Mama, Neema asijue sasa. Ana mtihani Jumatatu."

"Na Jumapili? Mwakio humpigia kila Jumapili."

"Tutasema mtandao ni mbaya huko."

"Na Jumapili ijayo?"

"Mama, tafadhali. Akianza maswali yake, nani atakaa naye? Mimi siwezi hata kusimama."

"Nitakaa naye mimi."

Nakiri kwamba nilitamani kukubali. Nilikuwa nimefiwa na ndugu wa mwisho niliyebaki naye. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Wakesho alipokwenda kulala nilibaki mezani, chai ikapoa, mpaka Neema akatoka chumbani amevaa sare ya shule, begi mgongoni. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, nikilitumia neno lenyewe, amekufa, asije akadhani amesafiri.

Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Aliuliza kama Babu Mwakio aliumia. Nikasema sijui. Aliuliza kama ni siri. Nikasema hapana. Basi akavua begi, akasogeza kiti chake karibu na changu, tukalia wote wawili.

Mtihani ulimwendea vibaya. Wakesho bado ananijibu kwa mkato tukiwa jikoni, na sina nguvu za kubishana naye. Huenda ana haki yake. Lakini Jumapili ile Neema alinijia na simu, akaniomba tumpigie mke wa Mwakio tumpe pole, na aliongea naye kwa Kiswahili chake cha kuungaunga mpaka mwisho.

Simu ya namna hiyo ikiingia nyumbani kwako, nakuomba ukumbuke kumwita mtoto naye aje akae.