Sifuri Tisa za Bondeni

Mama Vijiti alikuwa na kanuni mbili ofisini, na ole wako uvunje mojawapo. Ya kwanza, ripoti ya mwezi ifike mezani kwake kabla ya tarehe tano. Ya pili, kisanduku kisibaki wazi. Fomu yenye kisanduku kitupu aliirudisha ilikotoka, hata kama imesafiri saa nne juu ya pikipiki, ikiwa na neno moja la wino mwekundu: JAZA. Manesi wa zahanati zote kumi na moja za wilaya walimwogopa kuliko walivyomwogopa Mganga Mkuu, naye hakujisumbua kuwatoa hofu.

Jina la Vijiti alilipata kwa jinsi alivyohesabu. Kompyuta ililetwa, akajifunza, akaiweza, lakini kabla namba haijaingia humo lazima kwanza aipige vijiti kwenye karatasi, vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Vijana wa ofisi walimcheka. Akawaambia wacheke tu, siku umeme ukikatika watamjia wamepiga magoti, na kweli walimjia, tena zaidi ya mara moja.

Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa takwimu kwenye kile chumba cha nyuma, chenye dirisha moja, makabati matatu ya chuma na feni iliyozunguka siku inayojisikia. Alianza enzi ambazo mwezi mmoja wa mvua ulileta wagonjwa wa malaria elfu nne, watoto wamelazwa watatu watatu kitanda kimoja. Vikaja vyandarua, ikaja dawa ya kupuliza majumbani, kikaja kipimo cha tone moja la damu kinachotoa jibu mgonjwa akiwa bado amekaa. Kila mwaka aliuchora mstari wa malaria ukutani kwa mkono wake, na kila mwaka mstari ukashuka. Aliuita kitinda mimba wake. Mumewe alikuwa akisema nyumbani kwamba huyo kitinda mimba analelewa vizuri kuliko wale aliowazaa yeye.

Mwaka ule mstari ulikaribia kugusa sakafu. Mganga Mkuu akaja mwenyewe mpaka chumba cha nyuma, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa juu ya kiti cha wageni bila hata kukifuta vumbi. Alimweleza kwamba wilaya yao sasa inaondolewa kwenye kundi la wilaya zenye malaria nyingi. Vyandarua vya msimu huu na dawa ya kupuliza vitapelekwa kwingine kwenye shida zaidi. Wageni kutoka wizarani wangekuja Ijumaa, na walichohitaji ni jedwali la miaka saba lenye sahihi ya karani. Na kwa kuwa Mama Vijiti alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, angepewa cheti mbele yao. Basi mama wa watu akavimba kichwa, kwa nini nifiche? Ningekuwa mimi ningevimba zaidi.

Lakini hakuwa mtu wa kutia sahihi kwa kubahatisha. Desturi yake ilikuwa kuchagua zahanati moja, kuiendea mwenyewe, kuweka fomu upande huu na daftari la wagonjwa upande ule, na kuhesabu upya. Safari hii alichagua zahanati ya bondeni. Kwanza ndiyo iliyokuwa nyota ya wilaya: malaria sifuri, miezi tisa mfululizo. Pili, nesi wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na mawifi hawa walitaniana bila kuchoka. Alipanga njia nzima atakavyomwambia kwamba kumbe siku hizi kazi yake ni kusinzia tu.

Jumanne asubuhi dereva wa pikipiki alimshusha mlangoni. Utani ukamfia mdomoni. Benchi la barazani lilikuwa limejaa, na waliokosa benchi walikaa chini. Watoto walikuwa wamelala mapajani mwa mama zao saa tatu ya asubuhi, wakati ambao mtoto mzima hawezi hata kutulia. Mmoja alikuwa akitetemeka ndani ya khanga mbili na jua linawaka. Mama Vijiti hakuwa daktari, lakini kule kutetemeka alikuwa akikujua tangu miaka ya wale elfu nne.

Hakusalimia vizuri. Aliomba daftari la wagonjwa, akaketi pembeni ya meza ya sindano, akafungua mwezi uliopita. Homa. Homa. Homa na kutapika. Homa na degedege. Safu ya kipimo ilikuwa na mstari mtupu ukurasa mzima, na wa pili, na wa tatu. Alipiga vijiti kwenye karatasi yake mpaka karatasi ikajaa, akaigeuza. Wagonjwa wa homa mia moja themanini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyepimwa. Akarudi nyuma mwezi mmoja, akarudi tena. Katika miezi ile tisa alikuta mahali panne pameandikwa homa kali, na mbele yake, kwa mwandiko uleule mzuri wa wifi yake, amefariki. Wote wanne chini ya miaka mitano. Akaweka kalamu chini.

"Wifi," alisema, "hii sifuri umeitoa wapi?"

Nesi alikuwa akimshikilia mtoto aliyetapika. Hakugeuka.

"Umenipa wewe."

Akamweleza huku akifanya kazi, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Vipimo viliisha miezi tisa iliyopita. Mwezi wa kwanza aliacha kisanduku cha malaria wazi, kwa sababu hakujua aandike nini: mafundisho, tena aliyofundishwa na Mama Vijiti mwenyewe kwenye semina, yalisema bila kipimo usiandike malaria. Fomu ikarudi na wino mwekundu. Akapiga simu. Mama Vijiti akamwuliza, waliopimwa wakakutwa na malaria ni wangapi? Akajibu hakuna aliyepimwa. Akaambiwa, basi kama hakuna, andika sifuri, kisanduku kisibaki wazi. Akaanza kueleza habari ya vipimo, akakatishwa: simu ni ya namba, maelezo yaende kwenye fomu. Hata walipokutana kwenye msiba wa mjomba alijaribu tena, akaambiwa kazi waiache kazini.

"Na vipimo hukuagiza?"

"Niliagiza. Bohari ya dawa wanagawa kwa hesabu ya mwezi uliopita. Kituo chenye malaria sifuri wakipe vipimo vya nini? Dawa nayo hivyohivyo. Iliyobaki niliwapa waliokuwa hoi, kwa kukisia tu. Ikaisha."

Mama Vijiti alifunga daftari. Miaka yote aliamini namba inafuata ugonjwa. Hakuwahi kufikiri kwamba dawa nayo inaifuata namba, na kwamba kila sifuri aliyoidai kwa ukali ilikuwa ikifunga mlango wa bohari mwezi mmoja zaidi.

Alirudi ofisini, akafunga mlango, akatoa fomu zote za mwaka kwenye makabati. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja: alizigeuza. Nyuma ya kila fomu pana mistari mitano ya maoni. Jedwali lake halikuwa na nafasi ya maoni, kwa hiyo macho yake hayakuwahi kufika huko. Bondeni walikuwa wameandika, vipimo vimeisha, tafadhali. Mwezi uliofuata, vipimo bado. Mwezi wa tano, tunaomba mtu aje aone. Mwezi wa tisa palikuwa na neno moja tu, bado. Akageuza za zahanati nyingine. Zahanati sita kati ya kumi na moja zilikuwa na hadithi ileile: kisanduku kitupu, JAZA yake nyekundu, halafu sifuri. Katika nusu ya ule mteremko mzuri wa mwisho, ule uliokuwa umemletea cheti, hapakuwa na mtu aliyepona humo. Watu hawakupimwa, basi. Alikaa sakafuni katikati ya makaratasi yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akalia kwa kwikwi.

Mganga Mkuu alipoonyeshwa, alikwenda kwanza kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mwoga, na waoga ni wengi. Alisema lazima lirekebishwe, bila shaka, ila wageni wameshaanza safari na jedwali la awali wanalo. Atie sahihi Ijumaa, ipite, halafu watarekebisha kwenye ripoti ya robo ijayo. Mama Vijiti alimkumbusha kwamba robo ijayo ni mvua, na vyandarua vitakuwa vimeshapakiwa vimekwenda kwingine. Akajibiwa afikirie pia miaka yake ishirini na sita, amebakiza miezi mitatu tu. Siku mbili hakula vizuri. Mumewe alimwuliza kinachomsumbua, akamwambia ni feni ya ofisini.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Akaitwa mbele, akapewa kalamu, jedwali likiwa limelazwa mezani safi kabisa. Alipiga moyo konde. Aliweka juu ya jedwali lile rundo la fomu, zimegeuzwa, upande wa maoni juu.

"Sitii sahihi," alisema. "Zahanati sita hazina vipimo. Sifuri zao si sifuri. Mahali pote hapo andikeni hatukupima."

Mgeni mkubwa kuliko wote alichukua fomu ya juu, akaisoma, akachukua nyingine, akasoma. Akauliza ni nani aliyewaelekeza manesi waandike sifuri. Mganga Mkuu akatazama viatu vyake.

"Mimi," alisema Mama Vijiti.

Cheti hakikutolewa. Vyandarua havikuondoka, na Jumatatu gari la bohari lilikwenda bondeni na makatoni ya vipimo na dawa. Jumatano wifi yake alipiga simu. Alikuwa amepima watu sitini, arobaini na saba wana malaria. Mama Vijiti alimwomba arudie, ingawa alisikia vizuri mara ya kwanza. Akaandika. Kisha wifi akasema kuna jambo. Mama wa mmoja wa wale watoto wanne ameona makatoni, amekuja kuuliza kama mwanawe alikuwa na malaria.

"Nimwambie nini, wifi?"

"Usimwambie kitu. Nakuja."

Kutoka zahanati walikwenda wote wawili kwa miguu. Mama yule alikuwa akianua nguo uani. Aliwatandikia mkeka, akakaa nao, nguo zikiwa mapajani. Mama Vijiti alimweleza yote, bila kuruka, fomu, wino mwekundu, simu, bohari. Mama yule alisikiliza huku akikunja gauni dogo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo hamjui," alisema mwishowe.

"Hatujui. Hatutajua tena."

"Na mwezi ule alipokufa, wewe uliandika hakuna."

"Niliandika hakuna."

Mama yule akamtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kuelewa mashine.

"Alikuwapo," alisema. "Nenda ukaandike kwamba alikuwapo."

Mama Vijiti akatoa karatasi mkobani, akamwuliza mtoto alikuwa na umri gani.