Saumu ya Najla, Futari ya Mboni

Kwa miaka tisa ufunguo wa stoo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Mboni. Nyumba ya mkwewe, Bi Shariffa, pale Usagara, ina watu kumi na wanne, wakubwa wanane na watoto sita, na hakuna kikombe cha mchele kilichotoka stoo bila kupita mikononi mwake. Ndiyo heshima pekee aliyopewa tangu aletwe kutoka Muheza kuwa mke wa Harub.

Mwaka huu Harub alipunguziwa zamu kazini. Bi Shariffa akawaita wake wa wanawe wawili ukumbini, akasema pesa ya chakula ya mwezi itashuka kutoka laki sita hadi laki nne na nusu.

"Mama, haiwezekani," Mboni alisema. "Labda tuwagawe wengine kwa majirani."

Najla, mke wa Marwan, aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile, akainua uso. "Mimi naweza kujaribu, mama."

Mboni alifungua fundo la kanga mbele ya watu wote, na vidole vyake havikuwa na haraka. Akabakiwa na jiko, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mwiko.

Mwezi wa kwanza wa Najla uliisha na mchele umebaki guniani. Kila mgeni aliyekaribishwa barazani aliambiwa habari hiyo. "Mtoto huyu ana baraka," Bi Shariffa alisema, na Mboni, akisikia kutoka jikoni, alikwangua sufuria mpaka ikalia. Miaka tisa yeye hakuitwa mwenye baraka. Aliitwa "chumvi imezidi leo." Akaanza kuitazama mikono ya Najla, laini, hina haijafifia, haina hata kovu moja la mafuta. Akaanza kusikia hata simu za Marwan: "Nikuletee nini, mke wangu?" Harub hakuwahi kumwuliza swali hilo.

Mwanzoni alidhani vitu vinatoka dukani kwa baba yake Najla. Alichungulia siku kadhaa, hakuona chochote kikiletwa kutoka huko. Ukweli aliugundua Jumatatu moja akiosha vyombo, alipoona ni vichache mno. Najla ndiye aliyemshawishi mama mkwe kwamba wakubwa wafunge sunna, Jumatatu na Alhamisi, na Mboni naye alikuwa akifunga akidhani ni ibada tu. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha watu wanane vilikuwa vinabaki stoo mara mbili kwa wiki.

"Anatushindisha njaa, halafu yeye anasifiwa," alimwambia mumewe.

Harub alicheka. "Thawabu unapata, na pesa inabaki. Sasa wewe kinachokuuma nini?"

Mboni alirudi jikoni. Lakini Alhamisi iliyofuata, Najla alipompimia unga wa uji na mihogo ya futari, Mboni alibeba bakuli mpaka mbele ya Bi Shariffa.

"Shikamoo mama. Hivi mtu mzima ashinde na saumu, kisha afuturu uji na muhogo tu? Mimi naona aibu. Nikupikie tambi za nazi, na kaimati kidogo?"

Bi Shariffa alimeza mate. "Mpe, Najla, mpe vitu apike."

Mkwe mdogo hamkatalii mama wa nyumba. Najla akafungua stoo.

Tangu siku hiyo kila futari ilikuwa kama karamu. Magimbi yaliyoiva katika tui zito, samaki wa kupaka, katlesi, kaimati zinazong'aa kwa shira. Mboni hakuwahi kupika vizuri hivyo maishani mwake. Marwan alianza kuja na rafiki zake. Watoto, ambao hawakufunga, walikula mchana kisha wakafuturu pamoja na wakubwa.

"Da Mboni, tupunguze kidogo," Najla alimnong'oneza.

"Mimi napika tu, mdogo wangu. Mwenye stoo ni wewe."

Tarehe ishirini sukari ikaisha. Siku ya pili yake mafuta, kisha mchele. Watoto walipokunywa chai isiyo na sukari na kununa, Bi Shariffa aliwaita tena ukumbini.

"Nimeshindwa, mama," Najla alisema.

Mboni alingoja atajwe. Majibu alikuwa nayo tayari, matatu au manne, yote makali. Najla hakumtaja. Aliinamisha kichwa tu, na Mboni akaona kwamba hata katika kushindwa yule msichana anapendeza, akazidi kuumia.

Bi Shariffa alimwekea Mboni ufunguo kiganjani, na juu yake noti chache. "Wewe ndiye mzoefu. Zimebaki siku tisa na hii elfu sitini. Sina nyingine. Tulishe."

Stoo ilinuka magunia matupu. Mboni alisimama humo akipiga hesabu: sokoni nazi moja ni elfu moja, na unga bado, na maharage bado. Alihesabu mara tatu. Mwishowe akaenda kugonga mlango wa Najla, mlango ambao hakuwahi kuugonga.

"Nazi ulikuwa unazipata wapi?"

"Ushongo. Kuna mtu anaitwa Idarusi, anazituma na basi la Pangani. Mia tano moja. Na mihogo anayo."

"Nipe namba."

Najla alimsomea. Mboni akapiga palepale mlangoni. Sauti ya mwanamume ikamwambia nazi ni elfu moja.

"Mwambie unatoka kwangu," Najla alisema bila kuinua macho, akikunja nguo za mumewe. "Hakujui, atakuuzia bei ya sokoni."

"Haloo?" sauti iliita. "Dada, upo?"

Nyuma yake mtoto wake wa mwisho alikuwa anauliza kama leo watakula. Mboni aligeukia ukuta.

"Natoka kwa Najla," alisema.

"Aa, kwa Najla!" Yule mtu akachangamka. "Si ungesema mapema, dada yangu? Nikupakilie ngapi?"