Khamsing Afuata Nyayo za Vyura

Sisi hapa kijijini Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, vyura tunawala. Binamu yangu Khamsing aliwasikiliza. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, yuko matopeni, anaiga mlio wa dume mpaka vyura majike wanamjia miguuni. Jike la binadamu hata moja halikumjia, maana mbele ya wanawake Khamsing alikuwa domo zege.

Na alimpenda Bualai, yule mjane mfuma hariri, alimpenda hadi akakonda. Sasa kwetu mwanamke haposwi kwa kukodolewa macho. Jioni anafuma chini ya nyumba yake, moto unawaka, wewe unamrushia beti, naye anakurudishia, hivyo hivyo mpaka kieleweke. Khamsing alijaribu mara moja, akaongelea mbolea.

Mwaka ule akaja mtaalamu wa vyura kutoka mjini, Khamsing akambebea vyombo. Akarudi kwangu macho yamemtoka.

"Dada, kumbe sikio na ubongo wa chura jike vimeumbwa kunasa mlio wa dume wa aina yake. Makelele mengine hana habari nayo. Tena sikio ndilo lililotangulia. Madume, kizazi kwa kizazi, wamekuwa wakiunda sauti ya kulipendeza."

"Hongera zao. Na wewe je?"

"Wapo madume wasiolia kabisa. Wanajibanza karibu na mwimbaji hodari. Jike akiufuata wimbo, wanamdaka njiani."

"Khamsing, hicho ni kichwa au ni kibuyu?"

Hakunisikia. Alimpelekea Thongdi, mpiga filimbi za matete mwenye maneno matamu, mtungi wa pombe ya mchele. "Wewe imba pale uani," akamwambia. "Mimi nitakaa njiani, kati yako na Bualai, kimya."

Nyumba yetu inatazamana na ya Bualai, basi nikaketi nishuhudie aibu ya ukoo. Thongdi aliimba, mshenzi yule, hata mimi mama wa watoto sita nikaunguza wali. Bualai akaacha kufuma. Akainuka, akaja taratibu kwenye kijia, na alipomfikia Khamsing aliyekaa juu ya gogo, akasimama. Wala hakumtazama mwimbaji. Akaweka sawa kitambaa chake begani.

"Kaka Khamsing, kumbe nawe umekuja," akasema kwa upole. "Una neno?"

Nilimwombea kwa miungu yote ninayoijua.

"Sina, dada," akajibu mjinga yule, akakunja miguu ampishe.