Kupita Tura

Kwihara, nje ya mji wa Tabora, hawasemi mtu kaacha jambo katikati. Wanasema kafika Tura. Fundi akiiacha nyumba haijaezekwa, kafika Tura. Kijana akiacha kulima ngwe yake jua likiwa bado asubuhi, naye kafika Tura. Usemi huo una wenyewe, nao ni ukoo wa Mzee Masolwa, kwa sababu aliyeuzaa ni babu wa babu yake. Inasimuliwa kwamba aliondoka na msafara wa wapagazi kwenda pwani, kaagwa kwa ngoma na vigelegele, kafika Tura, mwendo wa siku chache tu, kautua mzigo na kurudi kwao. Wenzake walikwenda mpaka Bagamoyo wakarudi na nguo, shanga na maringo. Yeye alirudi na jina.

Watu wana kumbukumbu ya ajabu kwa aibu isiyo yao. Mzee Masolwa amezeeka akiitwa Mzee Tura. Mdomoni hucheka, moyoni linamchoma. Tangu alipopata akili hajatia kinywani kitu kilichotoka Tura. Ukimletea asali, kabla hajashukuru atakuuliza: "Ya wapi?"

Koleta, kitinda mimba wake, alilirithi jina hilo kabla hajaota meno. Alipoacha shule ili amuuguze mama yake, hakuna aliyesema kauguza. Walisema kafika Tura. Alipomkimbia mume aliyekuwa akimpiga, walisema yale yale, na ngumi hawakuzitaja. Akarudi kwa baba yake, akafuga ng'ombe, akanyamaza.

Basi kila alfajiri Koleta hubeba dumu la maziwa kichwani kutoka Kwihara hadi Kanyenye mjini, kwenye mgahawa wa Abdulatifu. Kwenda ni mwendo wa kunyata, maziwa yasimwagike. Kurudi, dumu likiwa tupu, hukimbia, maana ng'ombe wanataka kutolewa zizini na hawajui kusubiri. Amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, jua na mvua, bila kujua kwamba wenye nafasi zao huyaita hayo mazoezi.

Siku moja akawapita wanachama wa klabu ya jogging ya Kanyenye. Wao wamevaa viatu vya rangi za kasuku, yeye ana ndala miguuni na dumu mkononi. Abdulatifu, ambaye tumbo ndilo lililomtia klabuni, alikuwa mkiani.

"Dada Koleta, tusubiri basi!"

"Ng'ombe, kaka!" alijibu, akapotea kwenye kona.

Kesho yake Abdulatifu alimpokea dumu kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. "Mwezi wa saba klabu inakwenda Bagamoyo," alisema. "Mbio za kilomita ishirini na moja. Nusu marathoni. Sisi wengine tutakimbia zile fupi za kuchangamsha damu. Ile ndefu ni yako."

Koleta alicheka, kisha jina la Bagamoyo likamwingia sawasawa na kicheko kikakatika.

"Tutakwenda na treni?"

"Na treni, kisha tunamalizia kwa basi."

"Inapita Tura?"

"Sasa unataka ipite wapi, Urambo?"

Nyumbani, Mzee Masolwa alizisikiliza habari hizo huku akipukuchua mahindi. Alimaliza gunzi moja, akachukua jingine. "Kama huwezi, usiende," alisema hatimaye. "Ukienda ukaishia njiani, mwanangu, safari hii watanizika na jina hilo." Kisha akavua sweta lake la kahawia, lile la pekee, akamtupia mapajani. "Mwezi wa saba kuna baridi. Ulirudishe."

"Litafika na litarudi, baba."

Treni ilisimama Tura kwa muda mrefu. Abiria walishuka kununua kuku na kunyoosha viungo. Koleta aling'ang'ania kiti chake kwa mikono miwili.

"Shuka upate hewa," Abdulatifu alimwambia kutoka nje ya dirisha.

"Sishuki."

"Tura itakuuma?"

"Ninyi mnashuka na kupanda, kaka. Sisi tulishuka mara moja, mpaka leo hatujapanda."

Bagamoyo aliiona bahari, akasema "Mama yangu!" na maneno mengine yakamwishia. Alfajiri ya siku ya mbio alifanya lile ambalo mtu wa Tabora yeyote angelifanya mwezi wa saba: aliamka, akavaa sweta. Tabora asubuhi za mwezi huo zinauma. Pwani, kumbe, hata kabla ya jua kuchomoza hewa ilikuwa kama mvuke wa sufuria la wali. Gari lililochukua mabegi lilikuwa limekwisha ondoka.

"Litupe hapo, dada," Abdulatifu alimsihi. "Utaivia ndani yake."

"Kwetu alitupa mtu mmoja," Koleta alisema, akalifunga sweta kiunoni. "Inatosha."

Alianza vizuri mno. Aliwapita wanaume, akawapita wasichana wenye saa za kupima moyo, na waliomcheka kwa sweta wakabaki wakilitazama kwa nyuma. Lakini huko kwetu bara jasho hutoka na kukauka. La pwani hutoka likakaa. Sweta lililinywa lote, likawa zito na kumkwangua makalio kila hatua. Walipogeuza kurudi mjini, miguu ilimwambia basi. Akaketi kando ya barabara, karibu na mama mmoja muuza madafu, akainamisha kichwa. Alijua anafanya nini. Alikuwa amefika Tura, na Tura yenyewe ameiacha mbali.

"Pole, mwanangu. Umetoka wapi?" aliuliza yule mama. Aliitwa Bi Mwanahawa.

"Shikamoo. Tabora."

"Marahaba. Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Lahaula! Mtani wangu!"

Macho ya Bi Mwanahawa yalimeta. Yeye ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana na hununi. Akichukua kitu chako, huna pa kumshtaki.

"Babu zenu wamebeba pembe za ndovu kutoka huko mpaka hapa," alisema, "wewe unashindwa kubeba miguu yako miwili? Tena imekonda! Haya, na hili ni langu." Akalichomoa sweta kiunoni mwa Koleta, akalikalia.

"Bibi, tafadhali. Ni la baba."

"Baba yako aje alifuate. Wewe si umeshalala?"

Hapo ndipo Koleta aliposimama. Hakujua amesimama kwa nguvu zipi. Hasira ilikuwamo, na machozi, na uso wa baba yake juu ya gunzi la mahindi. "Mtani," alisema, "huu ni mzigo wangu. Nimetoka nao Tabora. Siwezi kufika bila huu."

Bi Mwanahawa alimtazama, akaacha kucheka. Alikata dafu akamnywesha, akalikamua sweta kwa mikono yake mwenyewe na kumfunga nalo kiunoni, kwa nguvu, kama anavyomfunga mtoto mgongoni.

"Nenda," alisema. "Mnyamwezi bila mzigo, hapa pwani tutamjuaje?" Akamchapa kofi la mgongo. "Na ukikaa tena kitako, nakuja kukunyang'anya!"

Koleta akaenda. Hakuwa wa kwanza, wala wa hamsini. Waliokuwa wakipiga makofi mwishoni walikuwa wameanza kutafuta kivuli. Alipovuka mstari alilifungua sweta, akalitua chini polepole, akalia mbele za watu bila kujificha. Abdulatifu naye alilia, ingawa mpaka leo anasingizia chumvi ya bahari.

Wakati wa kurudi, treni iliposimama Tura, Koleta alikuwa wa kwanza kushuka. Alitembea huku na huku kwa raha zake, akanunua fungu la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, kisha akapanda.

Uani kwa Mzee Masolwa majirani walikuwa wameshajaa kuja kuona medali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Baharini, baba."

Mzee alilipokea sweta, akalinusa, akalivaa hivyo hivyo na chumvi yake. Medali aliigeuza mara moja akawapa majirani. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko aliokuja nao Koleta.

"Umeleta nini?"

"Matobolwa."

"Ya wapi?"

"Ya Tura."

Majirani wakaiacha medali. Mzee Masolwa aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande, akakitia kinywani. Meno yake si mengi, na matobolwa yana ukaidi wake, kwa hiyo alitafuna muda mrefu, na watu wote walisubiri.

"Nipe kingine," alisema.