Mimba Iliyoandikwa kwa Jina Langu

Admin, nifichie jina, maana mdogo wangu naye anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo. Huu ni mwaka wa tatu niko kwenye ndoa na sijapata mtoto. Nisameheni nikiandika kikavu, machozi yamegoma.

Miaka sita iliyopita, kabla sijaolewa, mdogo wangu alikuwa anakaa kwangu, mwanafunzi bado. Akapata mimba, na aliyempa hakutaka kumtaja. Mimba ilipofika miezi mitano ikaanza kutoka. Nilimpeleka hospitali na fishi yangu ya matibabu ili baba yetu asije akasikia. Kwetu fishi moja inatibu nyumba nzima, hakuna anayeangalia sura. Alilala siku tatu akiitwa jina langu, mimi nikimpelekea uji na kujiita mdogo wake. Tulicheka hata. Karatasi za pale zilikuwa zinaliwa na mchwa, nani angejua?

Sasa wameleta mashini ya kompyuta, na fishi zote za zamani zimeingizwa humo. Mwezi huu nilikwenda na bwana wangu tupimwe, tujue kwa nini hatuzai. Muuguzi akasoma kwenye kioo, kwa upole kabisa: "Mama, hapa iko inaonyesha mimba ya miezi tano ilitoka. Kisha ile haukushika ingine?"

Bwana wangu hakupiga kelele. Alichukua kofia yake, akanisubiri kwenye pikipiki. Nyumbani nikatwanga sombe, majani ya muhogo, nikapika, tukala. Ndipo akauliza, "Ile mimba ilikuwa ya nani?" Nikasema sijui. Na ndugu zangu, ni kweli, sijui.

Kesho yake nilirudi hospitali peke yangu. Muuguzi akasema inaweza kusahihishwa, lakini mpaka yule aliyelala aje mwenyewe aseme ni yeye. Nikampigia mdogo wangu simu. Ameolewa Salamabila, bwana wake aliambiwa anaoa msichana asiyeguswa, na binti yao wa kwanza wamempa jina langu. Alilia sana, kisha akatulia, akasema: "Yaya, dada yangu, usiniite huko. Miye niko na batoto babili. Weye hauna mutoto. Hata akikuacha, utabeba nguo zako tu."

Nilikata simu, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka yakaisha. Sina hasira, sina chochote.

Ijumaa baada ya sala, baba zake wadogo bwana wangu wanakuja kuniuliza mbele ya watu. Nikinyamaza, ninafukuzwa mimi. Nikisema, anafukuzwa mdogo wangu kwake, na yule mtoto mwenye jina langu anabaki bila mama. Ninyi mngesema nini? Nishaurini kabla ya Ijumaa. Nguo zangu nimeshazifua.