Silabi Iliyoanguka Kwenye Kibao

Habari zilinikuta Chimala, nikitafuta basi la kurudi Mbeya: yule mwalimu wa majina hatunaye tena, homa imemchukua huko kwao, upande wa Nyololo. Nilikaa juu ya gunia la mchele la mtu nisiyemjua nikalia bila haya. Mwenye gunia hakunifukuza. Ninyi mnaosoma safu hii mtamkumbuka. Ndiye niliyezoea kumtania kwamba anahoji vilima.

Alikuwa amesoma kwamba Uingereza wako watu wanaotafuta viwanja vya vita vya kale, vya enzi ambazo maandishi yake ni haba, kwa kuchunguza majina ya vijito, vivuko na vilima. "Kumbe!" aliniambia. "Mbona sisi tunayo majina tele na hatuyaulizi?" Basi akawa hapiti kijiji bila kuuliza. Kwao kuna kilima kiitwacho Valilile, yaani walilia, kwa lugha ya kwao. Shangazi yake, bibi kizee sasa, alimweleza kwamba baada ya vita wanawake walikusanya hapo maiti za waume zao. Babu yake mwalimu alikuwa mmoja wa maiti hizo. Sasa wakubwa walipoweka kibao barabarani, fundi akadondosha silabi moja. Kikasomeka VALILE. Walikula! Abiria wakawa wanashuka pale kuulizia hoteli.

Mimi nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. "Ndugu yangu, shangazi akishaondoka, kikabaki kibao, wajukuu watasema babu zetu walikuja hapa karamuni." Alikwenda bomani, akarudi, akaenda tena. Jibu likawa lile lile: herufi mbili tu, mwalimu, zinakusumbua nini?

Tulimzika chini ya kilima hicho. Mchungaji, mgeni wa pande zile, alisoma kwamba marehemu alizaliwa Valile. Shangazi akainuka kwenye mkeka. "Hapana, mwanangu. Va-li-li-le." Mchungaji akasema tena, akakosea tena, jamani! Ndipo uwanja mzima ukamtamkia, wake kwa waume, hata sisi tuliokuja na basi, na wengi hatukuweza kulimaliza neno lenyewe.

Inaniuma. Vilima vingine vyote alivyokuwa hajavifikia, nani atavihoji? Nililojifunza kwake ni kwamba jina likikosewa mbele yako, usinyamaze, maana huenda kuna mtu amelala chini yake. Kibao kingali kinasema walikula. Ukipita pale, mwambie uliyekaa naye kwamba walilia. Na sisi tulilia.